Nati Ikae kwa Ndani



Kuna kazi moja ambayo gereji nyingi huiacha mwisho kabisa. Injini imeshafungwa, bodi imenyooshwa, rangi ya duko imekauka inang'aa, na mwenye gari amesimama nje anauliza kila mara, "Fundi, bado tu?" Kilichobaki ni kitu kidogo: kurudisha herufi za jina la gari kwenye grili, au shoo, kama wanavyoiita mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Kwa kuwa ni kitu kidogo, anaachiwa kijana anayejifunza kazi. Kijana anachukua gundi, anapaka, anabandika, anafuta kwa kitambaa. Gari linaondoka.

Leo nataka kuibishia gundi hiyo. Nasema kwamba kwenye gari la zamani, gari ambalo mtu amelifufua kwa pesa na kwa mapenzi, kazi ya herufi ndiyo inayokuonyesha fundi wako ni fundi wa namna gani. Na kipimo changu ni kimoja tu: herufi ifungwe kwa namna ambayo mwenye gari anaweza kuifungua na mpita njia hawezi. Kwa kifupi, nati ikae kwa ndani.

Tuchukue mfano mmoja ambao wengi tunaujua. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, ile ya pua fupi na taa mbili za duara, ilianza kutengenezwa mwaka 1960 na Toyota ikaendelea nayo Japani hadi 1984. Usoni mwake hukuti duaradufu wala mnyama wala taji. Unakuta neno: TOYOTA, herufi sita, wazi, katikati ya taa. Ile nembo ya duaradufu tatu unayoiona leo kwenye kila shangingi linalopita na king'ora ilitangazwa mwaka 1989, gari hili likiwa limeshaacha kutengenezwa Japani miaka mitano nyuma. Kwa hiyo mtu anayefufua Land Cruiser ya mwaka 1975 kisha akaweka duaradufu katikati ya shoo, amelivisha gari vazi la wajukuu wake.

Ford nao walipita njia hiyo hiyo. Pikapu zao za miaka ya 1960 na 1970 ziliandikwa F, O, R, D, herufi nnenne zilizoachana kwa nafasi pana juu ya grili. Mwaka 1982 duaradufu ya bluu ikaingia kwenye grili za pikapu hizo, herufi zikaondoka. Halafu angalia dunia inavyozunguka. Kwa modeli ya mwaka 2010 Ford wakaleta pikapu ya Raptor, na usoni wakarudisha neno FORD kwa herufi kubwa. Toyota walikuwa wamewatangulia na FJ Cruiser ya mwaka 2006, yenye neno TOYOTA kati ya taa za duara. Na mwishoni mwa 2023, mfululizo wa 70, ule unaozaa magari tunayoyaita mkonga, ulirudi kuuzwa Japani ukiwa na herufi sita badala ya duaradufu.

Matokeo yake unayaona barabarani. Herufi sasa ni biashara. Kuna Ford Ranger za kawaida zinazovaa shoo ya Raptor, kuna Land Cruiser za juzi zinazovaa uso wa mwaka 1970. Mimi sina ugomvi na anayependezesha gari lake jipya. Ugomvi wangu ni pale mbinu za gari jipya zinapohamishiwa kwenye gari la zamani. Ukitaka kujua kwa nini, geuza herufi uangalie mgongo wake.

Herufi nyingi za zama hizo hazikukatwa kwenye bati. Zilimiminwa kwenye kalibu. Mwaka 1929 kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilitoa aloi za zinki ziitwazo Zamak: zinki kwa sehemu kubwa kabisa, aluminiamu kiasi cha asilimia 4, na chembe za magnesi na shaba. Uzuri wa zinki ni kwamba huyeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi za selsiasi, wakati chuma kinadai zaidi ya 1,500. Kitu kinachoyeyuka kwa joto dogo namna hiyo unaweza kukisukuma kwa nguvu ndani ya kalibu, kikajaa kila pembe, kikatoka na umbo safi pamoja na vijiti viwili vitatu vilivyoota mgongoni kwa ajili ya kufungia. Baada ya hapo herufi inavishwa shaba, juu yake nikeli, na juu kabisa utando mwembamba mno wa kromu. Huo ndio mng'aro tunaoupenda.

Lakini zinki ina tabia zake. Kwanza, ni dhaifu kwenye kuvutwa. Kile kijiti cha mgongoni, ukikaza nati kwa nguvu ya mkono uliozoea kufunga matairi, kinakatika kama njugu. Pili, haipendi chumvi. Kromu haizibi kila kitundu. Unyevu unapenya, unakuta zinki chini, zinki inaanza kuoza na kuvimba, na kromu inainuka vipele. Wenye magari wa Tanga, Mombasa na Unguja wanavifahamu vipele hivyo. Hakuna dawa ya kuvifuta. Ukisugua kwa msasa unaondoa kromu yenyewe. Tatu, herufi ya zinki haikubali kuchomelewa kirahisi. Mtungi wa gesi unaotengeneza ekzosi utaigeuza herufi yako kuwa uji kabla hujasema basi.

Kwa hiyo kazi inaanza siku ya kufungua, kabla hata rangi haijanunuliwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila herufi iende kwenye bahasha yake, na nati zake humo humo, hata kama zina kutu. Bahasha iandikwe: ya kwanza kushoto, ya pili, ya tatu. Unaweza kuniuliza, O mbili za neno TOYOTA zina tofauti gani? Kwa mbele hazina. Kwa nyuma, vijiti vinaweza kuwa vimekaa pengine kabisa, na O ya nafasi ya pili ikakataa kuingia kwenye mashimo ya nafasi ya nne. Kijana asiyejua hilo atachukua drili atoboe shimo jipya, na sasa shoo yako ina mashimo mawili mahali pa moja. Piga picha shoo ikiwa bado imefungwa, mbele na nyuma. Simu kila mtu anayo.

Tuje kwenye upangaji, na hapa ndipo penye utamu. Tuseme shoo yako ni mpya, haina mashimo, na unazo herufi mojamoja. Mtu atachukua rula, apime nafasi sawasawa kati ya kila herufi na jirani yake, milimita kwa milimita, abandike. Kisha arudi hatua tano nyuma aone neno limepinda. Amepima sawa na limekaa vibaya. Sababu ni kwamba jicho halipimi umbali wa kingo. Jicho linapima uwazi uliobaki kati ya maumbo. T ina mabega mapana na mguu mwembamba. A ina kichwa chembamba na miguu iliyotanuka. Mwishoni mwa neno TOYOTA zimekaa jirani, na kati yao uwazi unapanda kwa mshazari kutoka mguu wa T hadi kichwa cha A. O nayo imeviringa, kwa hiyo kila pembe yake inaacha hewa. Ukizipa zote nafasi ya rula, T na A zitaonekana zimegombana. Inabidi uzisogeze karibu kidogo zaidi ya wenzao.

Wachora mabango wetu wanalijua hili bila kufundishwa darasani. Mtu aliyezoea kuandika jina la duka ukutani kwa brashi hashiki rula kati ya herufi na herufi. Anarudi nyuma, anakaza macho, anasogeza. Ukimpata mmoja wa hao, mwite gereji siku ya herufi. Atakufaa kuliko fundi wa injini.

Kama humpati, fanya hivi. Laza kipande cha karatasi ngumu mezani, chenye upana wa shoo. Panga herufi juu yake mpaka neno litulie machoni. Kisha nenda upande wa pili wa meza ulitazame neno likiwa limegeuka juu chini. Hapo akili inaacha kusoma jina na inaanza kuona maumbo, na kasoro zote zinajitokeza. Ukiridhika, zungusha penseli kando ya kila herufi. Sasa paka doa la rangi kwenye ncha za vijiti, kandamiza herufi mahali pake, na vijiti vitakuachia alama kamili za mashimo. Karatasi hiyo ndiyo ramani yako, na baada ya kazi usiitupe. Itie kwenye faili la gari.

Kuhusu katikati, usipimie bampa. Bampa la gari lenye umri wa miaka hamsini limeshagonga vitu vingi. Boneti nayo huenda iliwahi kunyooshwa. Mtu anayelitazama gari kwa mbele analinganisha neno na taa, basi pima kutoka ukingo wa taa hadi ukingo wa taa, gawanya kwa mbili, weka alama kwenye maskintepu. Vuta uzi kutoka taa moja hadi nyingine upate mstari ulionyooka. Anza kufunga katikati, Y na O ya pili, kisha utoke nje kwa pande zote mbili. Ukianzia kushoto, kosa dogo la kila herufi linajumlishwa, na A ya mwisho ndiyo itakayolipa deni la wote.

Haya, kufunga. Kama shoo ni ya bati, toboa kwa hatua: kwanza piga alama kwa senta panchi ili drili isiteleze, kisha drili ndogo, kisha ya ukubwa kamili. Kijiti cha milimita 3 kipe shimo la 3.5 au hata 4, upate nafasi ya kusogeza kidogo. Na kabla ya kuingiza chochote, paka rangi kwenye ukingo wa ndani wa shimo. Bati lililotobolewa likaachwa uchi ni ufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kutu huanzia hapo, na baada ya masika mawili inatambaa chini ya rangi yako ya gharama.

Kama shoo ni ya wavu, usitoboe kitu. Kata ubapa mwembamba wa aluminiamu, utoboe huo, uuweke nyuma ya wavu. Vijiti vipite kwenye matundu ya wavu, viingie kwenye ubapa, nati ikaze nyuma. Wavu unabaki umebanwa katikati bila jeraha. Ila ubapa usizidi kimo cha herufi zenyewe. Shoo si pambo tupu, msikilizaji. Ndiyo pua ya rejeta. Ukiiziba kwa ubao mpana utayaona matokeo kwenye geji ya joto unapopanda mlima Kitonga nyuma ya lori la mbao.

Nati zenyewe ni za aina mbili tatu. Iko ya kawaida yenye hesi. Iko ile ya bati jembamba la springi, yenye meno, inayojikatia hesi yake kwenye zinki laini inapozungushwa. Na iko ya kusukuma tu, inayong'ata kijiti kisicho na hesi. Kwa zote kanuni ni ile ile: kaza mpaka herufi iache kucheza, basi. Kati ya nati na bati weka washa ya nailoni au pete ya mpira. Mpira huo unameza mtetemo wa barabara ya changarawe, na unatenganisha metali zisizopatana. Wenye Land Rover wananielewa. Gari lile lilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright, na hadi leo popote aluminiamu hiyo inapogusana na chuma palipo na unyevu na chumvi, unakuta unga mweupe. Ni aluminiamu inayoliwa.

Na kijiti kikikatika? Hapo ndipo watu hukimbilia gundi. Ngoja kwanza. Toboa shimo fupi mgongoni mwa herufi mahali kilipokuwa kijiti, ukiwa umezungushia tepu kwenye drili kama alama ya kina, maana ukipitiliza utatokea usoni na herufi imekwisha. Kata hesi ya milimita 3. Ingiza kipande cha skrubu ya shaba ya njano, na kwenye hesi hiyo tia gundi ngumu ya kuchanganya mbili. Ndiyo, gundi nimeitaja, lakini tazama imekaa wapi: kati ya kijiti na herufi, si kati ya herufi na gari. Umerudisha kijiti, na kijiti kinafungwa kwa nati kama zamani.

Najua kuna msikilizaji ananiambia, wewe umepitwa na wakati. Viwanda vyenyewe siku hizi vinabandika nembo. Ni kweli. Tepu ya povu la akriliki ya pande mbili, ambayo 3M waliingiza sokoni mwaka 1980 kwa jina la VHB, ni kitu cha maana sana. Ukisafisha uso kwa spiriti, ukabandika na kukandamiza, ukaacha saa 72 kabla ya kuosha gari, inashika kwelikweli. Kwa plastiki laini ya gari la leo, sawa. Lakini tepu inadai uso bapa na mpana. Kwenye wavu haina pa kushika. Kwenye herufi nyembamba za zamani, zenye mgongo uliochimbika, inagusa kingo tu. Gundi ya papo kwa papo ndiyo mbaya zaidi: inatoa mvuke unaoganda mweupe kwenye kromu na rangi, na siku ikiachia inaondoka na duko.

Sasa hoja nzito kuliko zote, na wakazi wa miji yetu wana haki ya kuitoa. Wizi. Mtu anaacha gari Kariakoo au katikati ya Nairobi, anarudi anakuta nembo haipo, pengine na saiti mira. Ndiyo maana watu huchora namba za gari kwenye vioo na kupiga ribiti kwenye taa. Wanasema, kinachofunguka kwangu kinafunguka kwa mwizi, heri nikigandishe kabisa.

Fikiri tena. Tepu unaitoaje? Unapasha joto kidogo, unapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma ya nembo, unausaga kushoto kulia, nembo inadondoka mkononi. Kazi hiyo yote inafanyika kwa nje, boneti ikiwa imefungwa. Ni mbinu halali ya gereji na ni mbinu ya mwizi vilevile. Nati iliyo nyuma ya shoo inamdai mtu afungue boneti, au ang'oe shoo nzima. Mwizi hana muda huo. Wewe unao, na ufunguo unao. Kwa hiyo kile kinachofunguka kwa ndani ndicho kigumu kwa nje, na kile kilichogandishwa kwa nje ndicho rahisi kubanduliwa. Ribiti je? Ribiti inazuia, nakubali, lakini kuitoa ni kuitoboa, na kila mara shimo linakua.

Hili la kufunguka si shauri langu peke yangu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa mwaka 1966, lina mkataba wake uitwao Mkataba wa Turin. Mkataba huo unataka mabadiliko yanayofanywa kwenye gari la kihistoria yaweze kurudishwa nyuma, na vipande vya asili vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Ukiyashusha maneno hayo hadi kwenye herufi sita za shoo, yanasema hivi: usitoboe kinachoweza kubanwa, usigandishe kinachoweza kufungwa, na ile herufi yenye vipele uliyoibadilisha usiiuze kama chuma chakavu.

Na wala gari la kale si la kuwekwa kwenye kabati tu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na tangu 2003 yapo mashindano ya Safari ya magari ya kale yanayozirudia njia za vumbi za Afrika Mashariki. Gari linalopigwa na changarawe siku nzima litafunguliwa shoo, litanyooshwa, litafungwa tena usiku huo huo, kesho asubuhi liko barabarani. Gari la namna hiyo haliwezi kuvaa uso wa gundi. Na hata lako la kwenda nalo kazini Jumatatu, siku moja rejeta itavuja, na mtu atalazimika kuingia kwa njia ya mbele.

Mtu huyo huenda asiwe fundi wako wa leo. Magari haya yanaishi miaka mingi kuliko gereji zinazoyatengeneza. Fundi anayefunga herufi kwa nati anamfanyia kazi fundi mwingine asiyemjua, akimwachia njia ya kuingilia. Fundi anayepaka gundi anamaliza kazi yake na kumwachia mwenzake patasi.

Basi siku utakapokwenda kuchukua gari lako, usianze kwa kusifia rangi. Inama mbele ya shoo, gusa herufi ya kwanza, na umuulize fundi swali moja: "Kesho nikitaka kuitoa hii, naitoaje?" Akikufungulia boneti akakuonyesha nati, mlipe, na mwongezee ya soda. Akianza kukueleza jinsi gundi yake isivyobanduka milele, rudisha pesa mfukoni, mzungumze upya.